Nataka kuwahoji watalii wa michezo wanaopita Dar. Dodoso langu limekaaje?

Mama Kayaki:
Wakuu, habari za jioni. Nina kayaki chache pale Msasani. Wateja wangu ni wageni wanaoishi Masaki na vijana wa maofisini siku za Jumamosi. Nimepata mtu wa kuweka mtaji, ila ana sharti: kwanza nimletee utafiti wa soko. Anataka kujua hawa wanaokuja nchini kupanda Kilimanjaro, kupiga mbizi, kukimbia mbio, kuendesha baiskeli, kama wako watakaokubali kulala Dar usiku mmoja zaidi kwa ajili ya kayaki na matumbawe ya kisiwa cha Bongoyo.

Nimeandika maswali thelathini. La kwanza: "Je, ungependa kufanya michezo ya baharini ukiwa Dar es Salaam?" Nafikiria kwenda uwanja wa ndege, Jengo la Tatu, niwagawie waliopanga foleni. Mwanangu anasema watayaacha kwenye viti. Mnasemaje? Na msiniambie niajiri mtaalamu, maana hela yake ndiyo hela ya jaketi okozi.

Mdadisi Mstaafu:
Dada, hilo swali la kwanza lifute leo hii. Nimebeba madodoso miaka mingi, ya kaya, ya afya, ya wageni. Mtu akiulizwa na mama mchangamfu kama angependa kwenda baharini, atasema ndiyo. Ni adabu tu, na haimgharimu kitu. Muulize alichokwisha kufanya: jana mchana ulikuwa wapi? Ulilipa kiasi gani, ulimlipa nani, huyo mtu ulimpataje? Kama hukutoka hotelini, kwa nini? Hapo ndipo utasikia "sikujua kuna visiwa" au "niliogopa foleni ya magari". Majibu hayo mawili yanakupa kazi mbili tofauti kabisa.

Uwanja wa ndege utahitaji kibali, na wageni wanaoondoka wana wadadisi wao tayari. Wizara ya Maliasili na Utalii, Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), Uhamiaji na wenzao wa Zanzibar hufanya utafiti huo kwa pamoja, na ripoti zake unazipata bure mtandaoni. Humo kuna nchi walikotoka, kilichowaleta, usiku waliolala na matumizi yao. Zisome kabla hujachapisha karatasi hata moja.

Halafu wapanda mlima usiwategemee sana. Wengi wanatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kuondokea huko huko, Dar hawaioni. Kilimanjaro Marathon nayo inakimbiwa Moshi. Mtu wako ni yule aliyetoka hifadhi ya Nyerere au Mikumi, amelala mjini usiku mmoja, asubuhi anawahi boti ya Zanzibar. Mfuate kwenye hoteli za Kisutu na Upanga jioni, akiwa amekaa hana la kufanya. Ukisimama Slipway penye boti za Bongoyo utawahoji waliokwishaamua kwenda, na mtaji wako hautafuti hao.

Nahodha Kunduchi:
Mimi si mtu wa makaratasi, ila kila dodoso liandikwe tarehe na upepo. Ukihoji Novemba, upepo umelegea, maji yametulia, kila mgeni atakusifia Mbudya na Bongoyo. Julai ndipo watalii wanapojaa nchini, na ndipo kusi inavuma. Mchana bahari inachafuka, mgeni anatapika, harudi tena na anawaambia wenzake. Waulize wa Julai kama wako tayari kuamka alfajiri. Wakikataa, huna biashara ya Julai, hata karatasi iseme nini.

Mtoto wa Jangwani:
Na sisi wa mpira mmetusahau? AFCON 2027 inachezwa hapa, Kenya na Uganda. Shabiki wa Senegal akisubiri mechi ya pili ya timu yake atafanya nini siku zote hizo, ahesabu viti vya Uwanja wa Mkapa?

Mdadisi Mstaafu:
Hoja nzuri, lakini mtengenezee dodoso lake. Shabiki anakuja na kundi, mara nyingi kuna kiongozi anayeshika hela za wote. Huyo ndiye wa kuhojiwa. Ukimchanganya na Mjerumani wa miaka sitini anayesafiri na mkewe, wastani utakaopata haumhusu yeyote kati yao.

Dada, jambo moja tena. Ukichukua majina na namba za simu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama huna haja nazo, usizichukue.

Mama Kayaki:
Asanteni sana. Namba za simu nimezitoa, na maswali yamebaki tisa. La kwanza sasa ni "Jana mchana ulikuwa wapi?" Mwenye mtaji nimemwambia nitahoji mara mbili, Julai na Novemba, akanuna kidogo kisha akakubali. Mpira nimeuweka kando kwanza, mtoto wa Jangwani utanisamehe.

La Kiingereza liko tayari. La Kifaransa nimejaribu mwenyewe kwa simu na siliamini. Kuna anayekijua vizuri anisomee? Hasa swali la hela, lisije likasikika kama mahojiano ya polisi.