Nimelipa ili wazazi wangu waone historia ya Nairobi, wakaishia kushindishwa kwenye duka la vinyago

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Juzi Jumamosi wazazi wangu wamefanywa mzigo ndani ya mji mkuu wa nchi yao, na aliyelipia ni mimi. Kampuni siitaji jina kwa sababu bado nadai pesa zangu, lakini kisa nakitoa chote.

Wazazi wanaishi upande wa Voi. Baba ana miaka 79, Mama 72. Mama alishawahi kufika Nairobi mara moja tu, akaletwa hospitali akarudishwa, hata barabara hakuziona. Baba kwa upande wake hakuwa na mambo mengi. Tangu nikiwa mtoto amekuwa akisema kuna siku atasimama mbele ya ile sanamu ya watu watatu pale Kenyatta Avenue, asome maandishi yake kwa macho yake.

Ambao hamuijui, ile ni sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Humo wapagazi wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Watu wa Dar mnayo ndugu yake pale Posta, iliwekwa 1927, mnaizunguka kila siku. Na jina la Kariakoo, kama hili letu la Kariokor hapa Nairobi, limetokana na hicho kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, likatamkwa kama wazee wetu walivyolisikia.

Babu yake baba alichukuliwa huko. Kwetu vita havikuwa habari ya mbali. Wajerumani walivuka mpaka wakaishika Taveta Agosti 1914, na reli ya kutoka Voi kuelekea Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Februari 1916 jeshi la Waingereza likapigwa pale kilima cha Salaita. Kila walikokwenda, risasi, unga na maji vilibebwa na vichwa vya watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Babu hakurudi. Kaburi hakuna, barua hakuna, wala hakuna aliyekuja nyumbani kusema amefia wapi. Kwa hiyo ile sanamu ndiyo kaburi lake. Baba hajawahi kuiita kitu kingine.

Sasa mnaelewa kwa nini nilitafuta watu wa kazi hiyo badala ya kuwazungusha mwenyewe. Nilitaka wapate maelezo ya mtu anayejua. Tangazo lilisema maeneo saba ya kihistoria, saa nane za matembezi, maelezo kwa Kiswahili au Kiingereza, mteja achague. Shilingi 6,500 kwa kichwa. Watu watatu, 19,500. Nusu nikatanguliza kwa simu, nusu nikampa dereva mkononi kabla hatujawasha gari. Kabla ya hapo nilipiga simu mara mbili kuuliza kama sanamu ya Kenyatta Avenue imo. Nikajibiwa imo, na tutashuka.

Gari la saa mbili asubuhi lilifika saa nne kasorobo. Ndani tukakuta wageni wanne wa kutoka ng'ambo, watu wazuri, sina neno nao. Ila hapohapo Kiswahili kikafa. Nilimwambia kijana anayetuongoza, kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, Mama hasikii Kiingereza, tulikubaliana Kiswahili." Akacheka. Akasema, "Shosho ataona tu, si kuona ni bure?" Wakuu, Mama si shosho wake, si bibi yake. Na kuona hakukuwa bure, risiti ninayo.

Tukaanza na KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya mji. Kule juu, sawa, Mama alifurahi, akashika kile chuma cha ukingoni akauliza kule kwetu ni upande gani, Baba akamwonyesha kwa fimbo. Hizo dakika ishirini nazishukuru. Lakini yule kijana aliwaambia wageni kwamba hilo ndilo jengo refu kuliko yote Afrika Mashariki. Unasimama juu ya KICC, jengo lililofunguliwa 1973, na yaliyolipita urefu unayaona kwa macho ukigeuza shingo tu! Walichopaswa kusikia ni kwamba kazi ile ilichorwa na David Mutiso na mwenzake wa Norway, Karl Henrik Nøstvik, miaka kumi tu baada ya uhuru. Hilo hakuna aliyeambiwa.

Tukaenda makumbusho ya reli. Hapa ndipo Baba alipoanza kukunja uso. Kuna behewa pale ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi, alichukuliwa na simba usiku mwaka 1900 akiwa amelala ndani akimvizia simba huyohuyo. Simba akaingia, akatoka naye dirishani. Ilikuwa stesheni ya Kima. Kijana wetu akaanza kusimulia kwamba ni simba wa Tsavo, wale wawili waliokula wajenzi wa reli, na kwamba aliyeliwa ndiye aliyejenga daraja. Mbele ya mzee wa Voi! Baba amekua akisimuliwa habari za Tsavo kabla hajajua kusoma. Akamrekebisha taratibu, kwa Kiswahili, kwamba wale wa Tsavo waliuawa 1898, aliyewaua ni Patterson aliyekuwa akisimamia daraja, akaishi miaka mingi baadaye, na ngozi zao leo ziko Chicago. Huyu wa Kima ni mwingine. Mgeni mmoja akauliza mzee anasema nini. Kijana akajibu kwa Kiingereza, "Anasema anapenda treni."

Nimelirudia hilo neno kichwani tangu Jumamosi. Anasema anapenda treni. Baba Kiingereza anakisikia, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini. Hakujibu kitu. Alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

Pale bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, penye ukuta wenye majina ya waliouawa na bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, tulipewa dakika kumi. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na wengine 11 Dar es Salaam. Mama alikuwa anapita na kidole kwenye majina, mojamoja, akisoma kwa sauti ndogo. Kijana akampigia makofi asogee, apange mstari na wenzake, wapige picha ya pamoja. "Tabasamu, Shosho!" Mahali pale! Sanamu ya Tom Mboya tuliipita garini, tukaambiwa alikuwa makamu wa kwanza wa rais. Makamu wa kwanza alikuwa Oginga Odinga. Mboya alikuwa waziri wa mipango ya uchumi alipopigwa risasi hapohapo mtaani, tarehe 5 Julai 1969. Mtoto wa darasa la saba anajua.

Kisha duka la vinyago. Halikuwemo kwenye orodha ya maeneo saba. Tulikaa humo saa moja na dakika arobaini, nimehesabu. Kijana alikunywa chai na mwenye duka huku wageni wakibembelezwa kununua vinyago vya twiga. Kila mtu anajua kamisheni inavyokwenda, na mimi simnyimi mtu riziki, lakini usile riziki yako kwenye muda nilioulipia. Mama alikalia ndoo iliyogeuzwa kwa sababu viti vilikuwa vya wateja wanaonunua. Miguu ilimvimba hadi viatu vikambana.

Tulipotoka ilikuwa imekaribia saa kumi. Nikauliza, Kenyatta Avenue je? Akasema tuko njiani. Na kweli tulipita. Tulipita! Gari halikusimama. Nikamwambia dereva simama, kijana akasema hapa kanjo, askari wa jiji, watafunga gari, na isitoshe hapo hakuna kitu, ni sanamu tu ya wakoloni.

Baba alikuwa kiti cha dirisha upande usio wenyewe. Aliinuka nusu, akashika kiti cha mbele, akageuza shingo. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na karatasi ya kalenda aliyoikunja mara nne, ameandika jina kamili la babu yake kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Alitaka kulisoma pale mbele ya sanamu. Basi. Hakuomba shada la maua wala picha. Alitaka asome maandishi yale, kisha alisome lile jina, halafu aende zake. Yale maandishi yanamwambia anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Huyu mjukuu alikuja nalo mfukoni kutoka Voi, akapitishwa kama anakwenda sokoni.

Wale wageni walishushwa hotelini, sisi tukaachwa stendi. Uhuru Gardens, ambako bendera ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, hatukuiona. Nairobi Gallery, ile nyumba ya 1913, hatukuiona. Jengo la nyaraka za taifa, lililokuwa Bank of India na ambako mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, unaonyeshwa, tuliambiwa kupitia kioo cha gari kwamba ni mahakama ya zamani.

Nilipoandikia ofisi yao usiku, jibu likaja asubuhi: ratiba hubadilika kutokana na foleni, na kwa usumbufu tutapewa punguzo la asilimia kumi safari ijayo. Safari ijayo ipi? Na foleni haikumfanya mtu aseme uongo kuhusu Ryall wala haikumkalisha mama yangu kwenye ndoo. Nimewajibu nataka pesa zote za wazazi wangu, 13,000. Zangu wabaki nazo. Tangu hapo wanasoma ujumbe na hawajibu.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni hiki: wale wageni walidanganywa pia, ila walau walidanganywa kwa lugha yao na kwa adabu. Walifunguliwa mlango wa gari, wakapewa maji. Mwenye historia yenyewe ameketi nyuma, anaijua kuliko anayeisimulia, na anaambiwa anyamaze atabasamu. Kama kazi ya kuongoza watu huiwezi kwa Kiswahili hapa Nairobi, usiandike kwenye tangazo kwamba unaiweza.

Sasa naomba msaada wa haraka. Wazazi wanaondoka na treni Alhamisi. Kama humu kuna mwongozaji anayejua habari za wale wapagazi wa Carrier Corps, anayeweza kusema Kiswahili na mzee bila kumdharau, anitumie ujumbe wa ndani leo hii. Nataka Jumatano asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, kwa sababu ya miguu ya Mama. Sehemu ni moja tu, Kenyatta Avenue. Nitalipa siku nzima hata tukimaliza kwa nusu saa. Na anayejua mahali pa kuegesha gari karibu na pale bila kusumbuliwa, tafadhali aniambie.