Kwa nini tunamfuata fundi wa zamu kuliko meneja?

Muulizaji: Wadau, kiwandani kwetu meneja ana cheo, ofisi na saini, lakini mashine inapokwama usiku sote humtazama fundi mkuu wa zamu, ambaye hana hata kiti chake. Akituomba tubaki saa moja zaidi, tunabaki. Meneja akiomba hivyohivyo, watu huulizia posho kwanza. Sababu ni nini?

Jibu la 1: Ndugu, meneja hupewa mamlaka kwa barua, ilhali kiongozi hupewa na wale anaowaongoza, nao wanaweza kumnyang'anya bila barua yoyote. Ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, wa mwaka 1971 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na baada ya hapo wafanyakazi wa viwanda kadhaa Dar es Salaam waliifanya hoja yao dhidi ya mameneja. Hawakuchoka kazi, walichoka kudharauliwa.

Jibu la 2: Nakubali, ila tusimwonee meneja: mshahara ukitoka kwa wakati, kuna mtu aliyepiga hesabu. Huyo fundi, mashine ikikwama, hufanya nini hasa?

Muulizaji: Huvua saa, akaingia chini ya mashine mwenyewe, na akikosea kufunga nati hukiri mbele yetu. Meneja sijamsikia akikiri kosa hata siku moja.