Naomba ushauri: Lamborghini Gallardo kama gari la kila siku

Wakuu, heshima zenu. Nataka kubadilisha gari na moyo wangu uko kwenye Lamborghini Gallardo iliyotumika. Siitaki ya kufunika turubai na kuitoa wikiendi tu. Nataka niende nayo kazini na nirudi nayo, mvua au jua.

Kinachoninyima usingizi ni foleni. Gallardo nyingi zina e-gear, yaani giaboksi ya manyo yenye klachi moja, ila mfumo wa umeme na haidroliki ndio unaokanyaga klachi badala ya mguu wako. Ukisogea kidogo kidogo, au ukirudi nyuma kwenye mwinuko, klachi inateleza, inapata joto na kuisha haraka. Niliyoijaribu ilikuwa inashtuka kila ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, na harufu ya klachi niliisikia hadi ndani. Je, ndivyo zilivyo zote, au ile ilikuwa imechoka?

Mbadala ni Audi R8 V10. Injini yake ya lita 5.2 ni ya ukoo mmoja na ya Gallardo LP560-4, na toleo la 2013 lilikuja na giaboksi ya klachi mbili, tulivu zaidi kwenye foleni. Akili inakubali, moyo bado umegoma.

Halafu matuta: ule mfumo wa kuinua pua unadumu ukitumika kila siku? Naomba zaidi majibu ya waliowahi kumiliki, au mafundi waliozifungua kwa mikono yao.