Naomba ushauri: nipinge onyo la hakimiliki au niwaombe wenye gemu?

Wakuu, nina chaneli YouTube, nacheza gemu huku natangaza kwa Kiswahili. Kampuni yenye gemu imeniondolea video mbili kwa nyakati tofauti, nina maonyo mawili. La tatu ndani ya siku 90, chaneli kwisha.

Video moja ina sinema ya mwisho wa gemu, sikusema neno. Nyingine natangaza mwanzo mwisho, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Nikipeleka pingamizi, wasipofungua kesi ndani ya siku 10 za kazi, video inarudi. Ila fomu inataka jina kamili, anwani, na nikubali mahakama ya Marekani. Nikikumbuka kampuni ya gemu ya Nintendo ilivyowabana wale wa Yuzu mwaka 2024 hadi dola milioni 2.4, nasita (japo wao walitengeneza emuleta, yaani programu ya kuchezea gemu za Nintendo kwenye kifaa kingine, si video). Aliyewahi kupinga akiwa huku Bongo, uliishia wapi?