Seva ya nyumbani Mtwara: Raspberry Pi, mpakato ya zamani au kompyuta ya mezani?

Shangani_Mtwara: Wakuu, nataka kuweka seva ndogo nyumbani. Kwanza itunze picha na nyaraka za familia, pili tujifunzie Linux (mfumo endeshi wa bure) mimi na mdogo wangu aliye chuoni. Napima Raspberry Pi 4 (kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja), mpakato ya zamani ya RAM GB 8, au kompyuta ya mezani iliyotumika. Umeme wetu mnaujua. Nishaurini.

FundiLigula: Mkuu, mpakato. Betri yake ndiyo UPS yako, yaani akiba ya umeme. Umeme ukikatika mashine haizimiki ghafla, na kuzimika ghafla ndiko kunakoua mafaili. Weka Debian (aina ya Linux), kisha kwenye faili la mipangilio logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore ili ukifunga kifuniko isilale. Betri usiiache kwenye asilimia 100 usiku na mchana, kwa joto la huku itavimba. ThinkPad nyingi zinakubali kuwekewa kikomo cha chaji. Weka 80.

Mikindani_Pwani: Piga hesabu ya LUKU kwanza. Mwezi una saa 720. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ni uniti 43. Mpakato ya wati 15 ni uniti 11, Pi ya wati 5 haifiki uniti 4. Kama nyumba yako iko kwenye tarifu ya uniti 75 kwa mwezi, hiyo ya mezani peke yake inameza zaidi ya nusu.

Nachingwea_Kwetu: Pi ni nzuri ila ina masharti. Kwenye Pi 4 matundu yote ya USB kwa pamoja yanatoa ampea 1.2 tu. Ukichomeka diski mbili za nje zisizo na umeme wake, zitakuwa zinajikata. Wala usiiendeshe kwa memori kadi miaka yote, kuandikwa kila wakati kunaimaliza.

LindiMjini: Natofautiana nanyi kidogo. Mwenzetu kasema anataka na kujifunza. Dogo akitaka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya moja), na mashine tatu nne, GB 8 zitabana. Kuna zile kompyuta ndogo zilizotoka maofisini, OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Hazili umeme kama za mnara, na RAM unaongeza. Utahitaji UPS, hilo nakubali.

Na jamani, chumvi ya bahari! Mashine za huku pwani nikizifungua nakuta skrubu zina kutu na meno ya RAM yamefifia. Nayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, narudisha, inawaka. Usiiweke karibu na dirisha linaloelekea baharini.

Shangani_Mtwara: Nashukuru sana. Diski mbili kwa RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili, zinatosha kulinda picha?

FundiLigula: Hazitoshi. RAID inakuokoa diski moja ikifa, basi. Ukifuta picha kwa bahati mbaya inafutika kote kuwili, na radi ikipiga zinaondoka zote. Diski ya pili ichomeke kila wiki, nakili kwa rsync (programu ya kunakili mafaili), ichomoe. Kisha tafuta ya tatu ikae nyumba nyingine kabisa. Picha za bibi aliyefariki huwezi kuzipiga tena.

Newala_Mjini: Ongeza Kiwix humo, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Unapakua Wikipedia mara moja, wote walio kwenye WiFi yako wanasoma bila bando. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima. Kilicho kwenye diski yako hakiguswi na hayo. Kwa wanafunzi ni msaada mkubwa kweli.

Shangani_Mtwara: Basi naanza na mpakato: Debian, Samba (ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao wa nyumbani) na Kiwix. Hiyo ndogo ya Proxmox nitainunua hela ya korosho ikitoka. Diski ya tatu itakaa kwa shangazi, Chikongola.