Tupeane uzoefu: kubadili ramani wakati kibali cha ujenzi kimeshatoka (Kigoma)

Mwana_Ujiji: Wakuu, kuna nyumba Mwanga imepigwa X nyekundu. Kibali ni cha nyumba ya chini, saiti inaota ghorofa. Wenye kujua mwageni.

Rula_na_Kalamu: Kibali kinaifuata ramani iliyogongwa muhuri. Vigae na rangi badili utakavyo. Kinachokurudisha halmashauri ni kuongeza ghorofa, kutoka nje ya msingi uliochorwa, kusogeza shimo la choo. Peleka ramani ya marekebisho, palipobadilika pawe na rangi tofauti, pamoja na nakala ya kibali cha kwanza na barua ya maelezo. Uzito ukiongezeka, weka na michoro mipya ya injinia. Namba ya kiwanja na kitalu zilingane na hati, la sivyo faili linalala. Kugeuza makazi kuwa fremu za maduka ni ombi jingine kabisa, la kubadili matumizi ya ardhi.

Nondo16: Hapo kwenye kitalu umegusa penyewe.

Fundi_Kibirizi: Makaratasi sawa, ila ghorofa inaanzia chini. Fukua pembeni ya nguzo hadi chini ya pedi, kile kitako cha zege kinachobeba nguzo, pima upana na unene wake. Nguzo ya milimita 230 kwa 230 yenye nondo nne za milimita 12 mara nyingi iliwekwa kufunga ukuta tu, usiitwishe slebu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Na zile nondo mnazoacha juu "za baadaye": maungio, pale nondo mpya inapolala sambamba na ya zamani, yanataka urefu wa mara 40 hadi 50 ya kipenyo. Nondo ya milimita 16 itokeze sentimita 64 hadi 80. Vishungi vya sentimita 20 ni vya kuanikia nguo.

MamaGungu: Fundi, ukifukua nguzo zote kwenye mteremko wa Gungu mvua za Novemba zikikukuta utaokota nyumba bondeni.

Fundi_Kibirizi: Nani kasema zote? Moja moja, unapima, unafukia na kushindilia siku hiyo hiyo.

MamaGungu: Ungeandika hivyo tangu mwanzo.

Dagaa_Mkavu: Mnabishania mashimo! Kuna jengo walitaka mlango wa shata mpana, wakakata nguzo ya kati. Boriti ilikuwa na nafasi mbili za mita 3, ikabaki moja ya mita 6. Nondo nene zilikuwa juu, pale ilipokuwa nguzo, na sasa boriti inavutika chini ambako nondo ni chache. Ufa ukaanzia chini katikati, plasta ikamwagika, watu wakakimbilia magogo ya kuegemeza.

Nondo16: Mungu wangu. Kulikuwa na watu?

Dagaa_Mkavu: Fremu ilikuwa tupu. Ramani ya kibali bado inaonyesha nguzo ipo.

Mwana_Ujiji: Sasa wakati marekebisho yanasubiriwa, kazi isimame yote?

Rula_na_Kalamu: Sehemu iliyobadilika tu.

Fundi_Kibirizi: Yote! Mkaguzi akikuta zege bichi hakuulizi ni la upande gani.

MamaGungu: Mwiteni mkaguzi kabla ya zege, nondo zikiwa wazi. Na mnaosogeza baraza upande wa ziwa kule Bangwe, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji. Ziwa likipanda na ukingo unakufuata.

Nondo16: Basi baraza nalifuta.

Rula_na_Kalamu: Lifute na kwenye ramani.