Naomba ushauri: nataka kumjengea mama mtaa wetu wa zamani kwenye Townscaper

NyarDunga, Kisumu

Wadau hamjambo. Mpwa wangu aliniwekea Townscaper, gemu ya kujenga mji juu ya maji, kwenye simu mwezi uliopita. Wanaoijua wanajua ilivyo: hakuna pesa za kuhesabu, hakuna adui, hakuna saa inayokukimbiza. Unagusa maji, kipande cha ardhi kinatokea. Unagusa tena, nyumba inasimama juu yake. Nilikuwa naicheza usiku nikitoka kazini, dakika kumi hivi, akili itulie nilale.

Jioni moja mama akavuta kiti akaketi kando yangu. Ana miaka 71. Aliuza samaki Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, karibu maisha yake yote, ngege na mbuta, na omena (dagaa) msimu wake ukifika. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 maji yaliingia kwenye safu ya vyumba tulimokulia, na hatukurudi tena. Sasa tuko Nyalenda. Mahali pale mama huwa hapataji kabisa. Lakini alipoona nyumba inachomoza majini kwenye simu, akanyoosha kidole: "Weka nyingine hapo. Hapo ndipo alipokaa mama mapacha." Kisha nyingine. Tulikaa mpaka saa nne usiku, na tangu siku hiyo kila jioni ananiuliza kama simu ina chaji.

Sasa shida zangu. Nikiweka vyumba viwili vikagusana, gemu inaviunganisha vinakuwa jumba moja refu, na mama hataki. Sisi tulikuwa vyumba sita, milango sita, familia sita. Nikijenga kando, paa la jirani linabadilika lenyewe. Safu yetu ilinyooka, hii inapinda. Simu nayo inachemka.

Halafu kuna kaka yangu. Anasema namfukulia mama machungu aliyokwisha kuyazika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mambo ya paa. Nifanyeje?

MjengoKaptembwo, Nakuru

Dada, poleni sana kwa nyumba. Mimi ni fundi wa mawe, na hii gemu niko nayo tangu ilipokuja kwenye simu mwaka 2021.

Jibu la milango sita ni rangi. Nyumba mbili za rangi moja zikigusana, gemu inazichukua kuwa jengo moja. Zikiwa za rangi tofauti, kila moja inasimama kivyake na ukuta wake. Kwa hivyo chumba cha kwanza rangi hii, cha pili ile, usirudie rangi kwa majirani. Na mbele ya kila chumba weka ardhi, mlango upate pa kutokea.

Paa kubadilika si kosa lako. Programu inaangalia kila kipande kimepakana na nini, kisha inachagua umbo linaloingiana na vyote. Ukiongeza jirani, hesabu inafanywa upya. Maliza safu nzima kwanza, ndipo uangalie mapaa.

Kunyooka kabisa hutapata. Viwanja vya chini havikupimwa kwa kamba, vimepinda makusudi. Zunguka kwenye bahari ya gemu utafute mahali viwanja sita vimefuatana bila kona kubwa, uanzie hapo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu umetaja omena. Ukizungushia nyumba pande zote na kuacha ardhi tupu katikati, uwanja unageuka nyasi. Omena huanikwa pa wazi, kwa hivyo acha upande mmoja bila nyumba.

FundiSimu, Kondele

Toa kava, punguza mwanga wa skrini, na usicheze simu ikiwa kwenye chaji. Ikizidi kuchemka, izime ipumzike robo saa.

MwalimuMstaafu, Vihiga

Binti yangu, naomba nikuonye jambo moja kwa nia njema. Usiifanye gemu hii iwe picha kamili ya Dunga. Aliyeiunda, Oskar Stålberg wa Uswidi, mwenyewe ameieleza kuwa ni kitu cha kuchezea zaidi kuliko gemu. Haina mabati, haina mitumbwi, haina magugumaji. Mapaa yake ni ya miji ya pwani za Ulaya. Mama akitafuta kila kitu mle atakosa, na kukosa mara ya pili kunauma.

Nunua daftari. Mwambie achore mpangilio kwa mkono wake: ziwa huku, njia huku, nani alikaa wapi. Daftari likae, hata simu ikiibwa leo au kesho. Gemu ifuate daftari.

MtuWaBudalangi

Huyo kaka ana uchungu wake, msimkasirikie. Sisi mto Nzoia umetuhamisha tena na tena, na baba yangu alikuwa kimya vilevile. Tulidhani amesahau. Siku moja mjukuu alimuuliza mipaka ya shamba la zamani, akaongea hadi chakula kikapoa. Hakuwa amesahau chochote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama yako mwenyewe ndiye anayeulizia chaji, kwa hivyo ameshajibu. Ila mpe simu mkononi, aguse yeye. Akinyamaza, nyamaza naye. Na usiongeze nyumba ambayo hakuitaja.

MamaWawili, Milimani

Naunga mkono, lakini mimi ningempeleka Dunga yenyewe, jioni jua likiteremka ziwani, mle samaki, mrudi. Amekuwa mchuuzi pale miaka yote hiyo, hawezi kukosa anayemjua. Simu haimsalimii mtu.

NyarDunga

Asanteni nyote. Ya Dunga nimemuuliza, akasema "bado", nami sikumsukuma.

Rangi zimefanya kazi! Mama alichagua mwenyewe. Chetu buluu kwa sababu mlango wetu ulikuwa buluu, cha mama mapacha manjano, na kile cha mwisho alikibadilisha mara tatu mpaka akaridhika. Daftari nalo tumelianza, mwalimu. Limeshajaa kurasa nne, na kuna majina ambayo mimi na kaka hatukuwahi kuyasikia.

Jana nilipeleka jua la gemu upande wa magharibi, chini kabisa, maji yakabadilika rangi. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nam," yaani ziwa kwa Kijaluo. Kaka alikuwa mlangoni. Akaja akaketi. Baadaye akamuuliza mama choo kilikuwa upande gani, wakabishana, na kaka ndiye aliyekuwa amekosea.

MtuWaBudalangi, ulisema kweli. Nilikuwa nimeongeza nyumba ya saba mwishoni ili safu ipendeze. Mama aliiona mara moja akaniambia niitoe, hapo palikuwa na mwembe. Nimeitoa, lakini mti siuoni popote pa kuuchagua. Mjengo, kuna njia?

MjengoKaptembwo, Nakuru

Mti hauchaguliwi, huota wenyewe kwenye bustani. Ile ya saba umeshaitoa, acha ardhi hapo, kisha uizungushie vyumba vifupi mpaka nyasi zitokee. Upanue uwanja kidogo kidogo uone kinachoota. Muulize mama kwanza kama anakubali hivyo vyumba vya kuzungushia.